Paja la Kushoto

Kwa miaka ishirini na sita Kaindi, mke wa Kimanzi, alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, chumba kisicho na dirisha. Ukitaka faili lililopotea tangu enzi za wakurugenzi wanne waliopita, ulimwendea yeye. Alikuwa anafumba macho kidogo, halafu anasema, "Rafu ya nne, upande wa sinki," na faili linapatikana palepale, limelowa kidogo lakini lipo. Wakubwa walikuja na wakaondoka, wote wakimwita Mama Masijala. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwanamke huyo mwembamba mwenye miwani, akifika kwake mtaa wa Jamhuri jioni, anavua viatu, anapandisha gauni juu ya goti, na kusokota nyuzi za mkonge kwenye paja lake tupu.

Hilo si jambo la kumwambia mkurugenzi.

Anayenunua kiondo, kikapu cha uzi wa mkonge, hutazama rangi, akavuta mikanda ya ngozi kuona kama itakatika, kisha akaanza kuteta juu ya bei. Haulizi uzi ulitoka wapi. Basi nimwambie: ulitoka pajani. Mtu huchukua singa za mkonge uliokaushwa, akalowesha vidole kwa ulimi, akazilaza juu kidogo ya goti, na kwa kiganja akazisukuma na kuzirudisha hadi zishikane ziwe uzi. Anayeanza kazi hiyo akiwa na miaka tisa, kama Kaindi alivyoanza kule kwao Mwala, paja lake huota sugu nyororo inayong'aa. Kwa wanawake wengi sugu hiyo huwa kulia. Kaindi ni wa mkono wa kushoto. Mama yake alijaribu kumhamishia kulia kwa maneno na kwa kifimbo, mwisho akachoka, akasema uzi haujui umesokotwa upande gani.

Sasa, kwao Kaindi kulikuwa na desturi moja. Binti akiposwa, siku ya mbuzi wa ntheo, ndiyo siku upande wa mume unapoleta mbuzi wa kufunga ndoa, mama humkabidhi binti kiondo. Na uzi wa kiondo hicho, tangu kitako hadi mdomo, lazima uwe umetoka kwa mama mwenyewe. Wa dukani haukubaliki, wa shangazi haukubaliki, wa jirani ndio kabisa. Kaindi alipewa chake mwaka alioolewa, na hadi leo kinaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, kimeshika vyeti na karatasi zote za nyumba.

Kwa hiyo binti yake wa pekee, Mwongeli, anayefanya kazi benki na kuishi kwenye nyumba za ghorofa kule Kileleshwa, alipotangaza Krismasi kwamba ataolewa na Mungai, kijana wa Dagoretti, na kwamba ntheo itakuwa Desemba ifuatayo, Kaindi hakupata usingizi kwa furaha. Kesho yake alinunua mkonge. Alikuwa na mwaka mzima mbele yake. Aliona ni mwingi.

Vidonda vilianza mdomoni mwezi wa Januari. Kimoja ndani ya shavu, viwili kwenye ufizi, kisha ulimi mzima ukawa hauwezi kuguswa na chai. Alikwenda kwa kemisti pale Adams Arcade, akapewa vitamini. Akarudi, akapewa dawa ya zambarau, akawa anatabasamu ofisini kama mtoto aliyeiba wino. Haikusaidia. Lakini Kaindi mwenyewe alikwisha kujipa jibu: ni rangi. Si kila siku alikuwa akilamba vidole vilivyoshika mkonge wa rangi? Akatupa nyuzi zote nyekundu na za bluu, akabaki na nyeupe.

Machi, paja likaota malengelenge. Yalikuwa laini, yamelegea, yakipasuka kabla hujayaona vizuri, yakiacha nyama nyekundu. Jibu la hilo nalo alikuwa nalo: ni mkonge wenyewe, labda ulikaushwa vibaya, bado una utomvu. Akabadilisha mwenye kumuuzia. Kisha, Mungu amsamehe, akahamia paja la kulia. Uzi ulitoka umepinda, na wiki ya pili paja la kulia nalo likafunguka.

Hapo ndipo alipofanya kosa lililomgharimu karibu miezi mitatu. Alikwenda kliniki, akakutana na daktari kijana, mwenye umri wa kuweza kuwa mtoto wake, naye daktari akamwuliza kidonda hiki cha pajani kilitokana na nini. Kaindi alitazama ukuta. Angemwambiaje kijana huyo kwamba yeye, mke wa mtu, mama wa kanisa, hukaa sebuleni gauni likiwa juu akisugua paja? Akasema, "Niliungua na maji moto." Akapewa mafuta ya kuungua. Ya mdomoni hakuyataja, kwa sababu mdomo na paja ni mambo mawili, au ndivyo alivyodhani. Na moyoni alijua, kwa uhakika wa mtu anayejua faili liko wapi, kwamba ugonjwa huu amejitafutia mwenyewe. Aliona haya. Aliona haya kuliko alivyoona maumivu, na maumivu hayakuwa madogo.

Mumewe ndiye aliyekata shauri. Kimanzi ni dereva mstaafu, mtu wa maneno machache sana. Unaweza kusafiri naye hadi Mwala na kurudi akakwambia "mvua inakuja" na basi. Asubuhi moja ya Juni aliona shuka imegandamana na mgongo wa mkewe. Alipoivuta polepole, ngozi ilikuja nayo. Alikwenda kuwasha gari, akarudi, akamfunika mkewe leso mabegani, akachukua kile kiondo cha zamani nyuma ya mlango na karatasi zake zote, akasema, "Twende."

Hospitali waliyofika ilikuwa na daktari wa ngozi, Daktari Thuo, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtazama Kaindi mdomoni kwa tochi, muda mrefu. Akamtazama mgongo. Akafika pajani, akasogeza tochi karibu.

"Mama, hii ya hapa ulisema ni nini?"

"Maji moto."

"Maji moto yakimwagika yanaenda yanakotaka. Hii imetoka kwa goti ikapanda straight, kama mtu amepima na rula." Aliinamisha kichwa. "Mama, wewe ni wa mkono wa kushoto?"

"Ndio."

"Shosho, bibi yangu, alikuwa na alama hapa hapa, lakini kulia. Alisokota uzi hadi akafika miaka tisini. Wewe unasuka viondo."

Kaindi alihisi uso ukiwaka hadi masikioni. "Daktari," alisema, "wewe ni mtoto wa watu. Mambo ya mapaja usiniulize."

Muuguzi aliyekuwa akiandika, Sista Mbaluka, aliangusha kalamu kwa kicheko. Daktari naye akacheka, na mwisho Kaindi mwenyewe akacheka, ingawa kucheka kulimpasua midomo. Kisha akaeleza yote: ulimi, rangi, utomvu, kuhamia kulia, maji moto ya uongo. Alieleza kama mtu anayetubu.

Daktari Thuo alivuta kiti. "Sikiza, mama. Mkonge haujakuletea ugonjwa. Rangi pia haijakuletea." Aliweka kidole gumba kwenye ngozi nzima iliyo kando ya kidonda, akaisukuma kidogo sana. Ngozi iliteleza ikakunjamana, na Kaindi akaiona kwa macho yake. "Hii ngozi imeshikana na gundi, seli kwa seli. Damu yako inatengeneza kingamwili, hao ndio askari wa mwili. Sasa kuna kundi limekosea, limeona hiyo gundi ni adui, linaipiga. Mara nyingi inaanza mdomoni. Halafu mahali unasugua sana panaachana haraka. Ndio maana paja. Inaitwa pemfigasi. Haiambukizi, na hakuna kitu ulifanya. Lakini si ya kuchezea. Zamani watu walikuwa wanaifia."

Kaindi alilia. Si kwa sababu ya neno la mwisho. Hilo lilimfika baadaye, akiwa garini. Alilia kwa sababu kwa miezi mitano alikuwa amejihukumu, na sasa mtu aliyesoma alikuwa amemwambia hana hatia. Alipomaliza kufuta miwani, aliuliza swali ambalo daktari hakulitarajia.

"Nitasokota tena lini?"

"Tukutibu kwanza."

"Nina ntheo ya binti yangu Desemba. Kiondo hakijafika nusu."

"Mama Kaindi," daktari alisema, "kwa sasa hakuna kusugua hilo paja. Hata na taulo."

Walimkata kipande kidogo cha ngozi kwenda kupimwa, na majibu yakawa yaleyale aliyoyasema daktari. Akaanzishiwa vidonge vya prednisoloni, vingi hadi kiganja kilijaa. Vilisaidia. Vidonda vilianza kufunga, uji ukapita bila machozi. Lakini vidonge hivyo vina tabia yao. Vilimnyima usingizi, vikampa njaa ya watu watatu, vikampandisha sukari, na vikamvimbisha uso ukawa duara. Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani, wanawake walimzunguka kwa shangwe. Ndunge, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alimshika mikono.

"Kaindi! Si umenona! Kimanzi anakulisha nini? Tuambie na sisi tulishwe!"

"Bwana ametenda," wakasema wengine.

Kaindi aliitikia amina, kwa sababu utasema nini. Mtu mwembamba akinenepa Nairobi, hakuna anayeuliza kama ni ugonjwa. Na kwa kuwa kila mtu alimwambia amepona, naye akaanza kuamini amepona. Daktari alipompunguzia dozi kidogo, yeye aliongeza kupunguza kwake mwenyewe. Wiki mbili zilitosha. Malengelenge yalirudi mgongoni, kifuani, na mdomo ukafunguka tena vibaya kuliko Januari. Alipoteza kilo tisa za ule unene waliomsifia, na safari hii hakuna aliyesema Bwana ametenda.

Daktari Thuo hakumgombeza sana. Alisema wakati wa vidonge peke yake umepita, ipo dawa nyingine inayoingia kwa dripu. "Nayo ni kingamwili," alieleza, "lakini imetengenezwa maabara. Hivi vidonge vinalaza askari wote, wazuri na wabaya. Hii dawa inatafuta seli za aina moja tu, zenye alama fulani juu yake. Hizo ndizo kiwanda cha wale askari waliokosea. Inazishika, inaziondoa."

Kaindi alifikiri. Ni lugha ambayo alikuwa ameisubiri. "Kwa hivyo hizi tembe ni kama kufunga masijala yote," alisema. "Hiyo dawa inatafuta faili za stempu moja, inatoa hizo peke yake."

"Sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Ila kuna shida. Kwa hizo faili za stempu moja, kuna nzuri pia. Zitatoka zote pamoja. Kwa miezi mingi kinga yako itakuwa chini. Homa ya mtu mwingine kwako inaweza kuwa nimonia. Na dawa haifanyi kazi mara moja. Hesabu miezi miwili, mitatu."

Kaindi alihesabu. Ilikuwa Julai. Miezi mitatu ilimfikisha Oktoba, kama karatasi zingesogea.

Karatasi hazikusogea. Bima ilitaka barua, barua ikataka sahihi, sahihi ikataka mtu aliyekuwa likizo. Wiki tatu zilipita. Wiki ya nne Kaindi, akiwa na bandeji chini ya sweta, alipanda hadi ghorofa ya saba ya ofisi yao wenyewe, penye barua za bima za wafanyakazi, akamwambia karani wa huko, "Faili langu liko chini ya trei ya pili, upande wa kulia wa meza ya Nzau. Nzau akienda likizo huwa anaweka hapo." Lilikuwapo. Aliyekaimu nafasi ya Nzau alilitia sahihi kabla ya saa sita. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametafuta faili za watu wengine, na siku hiyo alikaa kwenye ngazi, akalishikilia lake mapajani.

Walimpima homa ya ini na kifua kikuu, wakamchanja dhidi ya nimonia, na siku ya dripu ya kwanza, katikati ya Agosti, Sista Mbaluka alimtia sindano mkono wa kulia. "Wa kushoto tumekuachia," alisema. Dawa ilikuwa maji tu, wazi kama maji ya mvua. Kaindi alikuwa ametarajia angalau rangi. Saa ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili, alianza kutetemeka, koo likamwasha, na akamwona Kimanzi akiinuka kitini mwake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Sista alifunga dripu, akampa dawa nyingine, akangoja, akaifungua tena polepole, tone kwa tone. Ilichukua siku nzima. Baada ya wiki mbili alirudi kwa dripu ya pili, na hiyo haikumtetemesha.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, ya kungoja. Septemba vidonda vipya viliendelea kutoka, vichache. Kaindi alivihesabu kila asubuhi kwa kioo. Aliacha kwenda kanisani, akaacha soko, akavaa barakoa hata mbele ya Kimanzi alipopiga chafya. Kiondo kilikaa kwenye kikapu cha plastiki kando ya televisheni, nyuzi zake za kusimama zikiwa zimetawanyika pande zote, nusu ya chini imesukwa na nusu ya juu hewa tupu. Alikigeuzia uso. Siku nyingine alikifunika na gazeti. Alimwambia Kimanzi kwamba akifa, asimruhusu Ndunge kukimalizia. Kimanzi akasema, "Hufi." Kwa Kimanzi, hiyo ni hotuba.

Jumapili moja ya Oktoba, saa za mchana, Mwongeli alikuja kutoka Kileleshwa. Alikuwa amekatazwa kuingia juma lililotangulia kwa sababu ya mafua. Alisimama getini, wakapungiana mikono kama watu wa gerezani. Safari hii alikuwa mzima, amevaa kaptura ya mazoezi, na mkononi ana mfuko. Akaumimina kwenye meza: mabunda manne ya uzi wa mkonge, umesokotwa kwa mashine, sawasawa kabisa.

"Mum, nimepata hii kwa duka fulani town. Si umalizie na hii? Hakuna mtu atajua."

"Huu ni wa kufunga magunia."

"Mum."

"Mwongeli, huu ni wa kufunga magunia. Wewe ni gunia?"

"Basi Auntie Ndunge alisema anaweza kusokota—"

"Uzi wa Ndunge ukaolewe kwa Ndunge!"

Kaindi alisikia sauti yake ikipaa, akaona aibu, na aibu ikageuka machozi. Alisema kwamba mwili wake umemkataa. Alisema kwamba mama yake alisokota akiwa na malaria, akasokota mwaka wa njaa, na yeye, mwenye bima na daktari na dripu, hawezi kumpa mtoto wake mmoja kiondo kimoja. Kimanzi alizima redio.

Mwongeli alikaa kando ya mama yake kwenye kochi. Alikitazama kiondo kwa muda.

"Daktari amekataza nini haswa?"

"Paja."

"Na mkono?"

"Mkono uko sawa."

Mwongeli akavua viatu. Akainua mguu wake wa kushoto, akaulaza juu ya mapaja ya mama yake, juu ya mto uliokuwa hapo kukinga bandeji. "Basi tumia yangu," akasema.

Kimanzi aliondoka akaenda nje kuangalia injini ya gari, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu paja la Mwongeli lilikuwa na losheni, singa zikateleza kama samaki. Kaindi akamtuma aoshe kwa sabuni ya kipande, kisha akampaka majivu kidogo ya jiko. Hakulamba vidole, aliweka bakuli la maji kando. Akalaza singa juu ya goti la binti yake, akasukuma kwa kiganja cha kushoto.

"Mum! Inauma!"

"Ndio inauma."

"Aki inang'oa nywele!"

"Itakuokolea pesa za saluni. Tulia."

Uzi wa kwanza ulitoka mnene na mlegevu. Paja lile halikuwa na sugu, lilikuwa laini mno, likijikunja chini ya kiganja. Kaindi aliufungua, akaanza upya. Uzi wa tano ulikuwa na nafuu. Kufika saa kumi na moja walikuwa na urefu wa kuzungusha kiondo mara tatu, na paja la afisa wa benki lilikuwa jekundu kutoka gotini kupanda juu, mstari ulionyooka kama rula.

Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Zilikuwa sita kwa jumla. Mikono ikiwa na kazi, midomo huwa nyepesi, na kuna mambo waliyoambiana kwenye kochi lile ambayo hawangeambiana wakitazamana. Kaindi alimweleza uongo wa maji moto. Mwongeli alicheka hadi uzi ukakatika. Kisha akasema kwamba Juni alisoma juu ya ugonjwa huo kwenye simu, amejifungia kwenye choo cha kazini, akasoma ile sehemu ya zamani, ya watu walioufia.

"Nilidhani hutaiona Desemba," alisema.

"Hata mimi," Kaindi alisema, akaendelea kusukuma na kurudisha. Hakuwa amemwambia mtu mwingine neno hilo waziwazi.

Katikati ya Oktoba kilitoka kidonda kimoja tu. Baada ya hapo, hakuna. Mdomo ulifunga. Siku aliyokula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kachumbari bila kushtuka alimpigia Daktari Thuo simu kumwambia, kana kwamba ni habari ya taifa. Na wiki ya mwisho ya Novemba, kiondo kikiwa kimebaki vidole viwili tu kufika mdomoni, alikaa tena kwenye kitanda kile cha hospitali. Daktari aliweka kidole gumba kwenye paja la kushoto, akabonyeza, akasukuma pembeni. Kaindi hakutazama. Alitazama uso wa Sista Mbaluka.

Sista alitabasamu.

"Imeshika," daktari alisema. "Sisemi imekwisha, mama. Nasema imelala. Tembe tunapunguza mimi na wewe pamoja, si wewe peke yako. Februari tutaangalia kama unahitaji dripu nyingine. Inaweza kurudi, na ikirudi tutaiona mapema, kwa sababu sasa hutaniambia ni maji moto."

"Na uzi?"

Daktari alilipima lile paja kwa macho. "Dakika kumi. Kesho yake uangalie. Ukiona lengelenge hata moja, unaacha, unanipigia."

Jioni hiyo Kaindi alikaa kwenye kochi, akapandisha gauni. Ile sugu ya miaka arobaini na mitano ilikuwa imekwenda na vidonda. Ngozi iliyobaki ilikuwa mpya, ya rangi mbili, nyembamba kama ya msichana. Alilaza singa, akasukuma. Iliuma vibaya, alikuwa amesahau jinsi inavyowauma wanaoanza. Alisokota dakika kumi kwa saa ya ukutani, akaacha katikati ya uzi. Asubuhi, kabla hata ya kuvaa miwani, aliwasha taa akatazama. Paja lilikuwa jekundu. Alipitisha kidole. Pakavu. Halikuwa na lengelenge. Lilikuwa linauma tu kama paja la mtu yeyote aliyefanya kazi, na Kaindi akakaa ukingoni mwa kitanda akamshukuru Mungu kwa sauti, hadi Kimanzi akaamka kuuliza kuna nini.

Alimaliza mdomo wa kiondo siku tatu kabla ya ntheo.

Watu wa Mungai walifika Mwala saa nne, magari saba, mbuzi nyuma ya pikapu. Kaindi alikaa mwisho wa hema, penye upepo, amevaa barakoa iliyoshonwa kwa kitambaa cha gauni lake. Hakukumbatia mtu, aliinamisha kichwa, nao walikuwa wameelezwa. Zamu yake ilipofika, alisimama akamkabidhi Mwongeli kiondo. Wanawake wakapiga vigelegele. Kilikuwa cheupe chote, bila urembo, kwa sababu rangi alizitupa na hakuzinunua tena, na wageni wawili watatu wa mjini walionekana kushangaa kidogo.

Bibi yake Mungai aliomba akione. Shosho Muthoni ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yamefifia, kwa hiyo hutazama kwa vidole. Alikizungusha mapajani, akaanzia kitako, akapanda polepole. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikasimama tena palepale.

"Chini hapa ni mtu mmoja," alisema Shosho. "Na huku juu kwa mdomo, ni huyo huyo, lakini ameenda pole. Lakini katikati uzi ni ingine." Akainua uso kuelekea alikokuwa Kaindi. "Mama Mwongeli, hapa ulisaidiwa na nani? Hii mkono ni ya nani?"

Ndunge alifungua mdomo, na Kimanzi akamtazama, naye Ndunge akaufunga.

Kaindi alishusha barakoa ili asikike vizuri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mbele ya wazee, mchungaji na watu wa magari saba, hakuona haya kulitaja paja.

"Mkono ni wangu wote, Shosho," alisema. "Paja ndilo la mwenye kiondo."

Shosho Muthoni hakuhitaji maelezo zaidi. Alinyoosha mkono hadi ukampata Mwongeli, akaushusha juu ya gauni la kitenge, upande wa kushoto, juu kidogo ya goti, akabonyeza taratibu.

"Iliuma?" akauliza.

"Sana, Shosho," alisema Mwongeli, huku akilia na kucheka mbele za watu wote.